Zamu za Maji za Mama Mwanafunzi

Walisema hataweza. Kijana anayeuza vocha mlangoni kwangu alisema yule mama atakuja wiki moja, magoti yatamuuma kwa kupanda na kushuka mlima, ataacha. Wanafunzi wenzake, vijana wanaotaka kazi ya kuongoza watalii, walisema ulimi wa mtu aliyevuka hamsini hauna nafasi ya lugha nyingine, hasa ukiwa tayari una Kimeru na Kiswahili. Mkalimani wa usharika wao alicheka mbele ya watu, akasema Kiingereza si maziwa ya kupima kwa kikombe. Nami niliyemwandikisha nilijisemea kwamba atajifunza salamu, atatosheka, atarudi kwenye migomba yake.

Niseme mimi ni nani, maana yote haya yalianzia darasani kwangu. Nimezaliwa juu ya Makumira, kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, yanayoanzia pale lami inapoishia. Niliondoka na begi moja. Malaysia niliosha sufuria kubwa kuliko mimi, nikasoma huku nafanya kazi, nikapata diploma ya kufundisha Kiingereza. Iko ukutani, imewekewa kioo. Niliporudi nilifungua darasa Kimandolu, huku chini mjini, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na televisheni kubwa ambayo hakuna shule ya jirani iliyokuwa nayo. Sifundishi kwa kukaririsha. Ninafundisha kwa taarifa za habari, video na mambo yanayoisumbua dunia: ukame, wakimbizi, taka za plastiki, barafu inayoyeyuka. Waliofundishwa na mimi wanafanya kazi kwenye hoteli ambazo baba zao walizipita kwa nje.

Kila kozi mpya naianza kwa kusimulia nilikotoka. Nawaambia juu ya mwaka ambao mahindi ya mama yangu yalikauka shambani yakiwa ndiyo kwanza yanatoa ndevu. Tulikula ndizi asubuhi na jioni mpaka nikachukia hata harufu yake, na hakuna aliyetusaidia. Nawasimulia ili wajue kwamba mtu anaweza kujitengeneza mwenyewe. Nimeisimulia mara nyingi.

Mama Mwanafunzi alikuwa akiisikiliza hadithi hiyo amekaa mstari wa mbele, mikono ameipakata.

Jina hilo tulimpa sisi, na lilileta vichekesho. Huku kwetu mama huitwa kwa mtoto wake, kwa hiyo wageni walidhani ana mtoto anayesoma kwangu. Walimuuliza, "Mwanao yuko darasa gani?" Yeye akajibu, "Mwanangu ana watoto watatu. Anayesoma ni mimi." Nilimjua tangu utoto. Kihamba chake kiko juu ya shamba letu, karibu na mahali mfereji unapochepuka kutoka mtoni, na mparachichi wake ndio ulionifundisha kukimbia. Mara nyingi alinifukuza na fimbo, halafu siku hiyo hiyo akatuma maparachichi nyumbani kwa mama.

Ndiyo maana salamu zetu darasani zilikuwa na tabu. Nilikuwa na utaratibu wa wanafunzi kusimama mwalimu anapoingia. Wote walisimama, yeye akakaa.

"Mama, darasani tunasimama," nilimwambia.

"Nisimame nimwamkie mtoto niliyembeba mgongoni? Wewe leta shikamoo yako hapa."

Vijana wakaangua kicheko. Nikatoa shikamoo. "Marahaba, mwalimu," akaitikia, na neno mwalimu alilisema kwa heshima kamili, bila mzaha. Tukaendelea hivyo hadi mwisho: mimi namwamkia, yeye ananiita mwalimu.

Sababu yake ya kutaka Kiingereza ilikuwa mkalimani. Usharika wao una marafiki ng'ambo ambao huja kutembelea, na hukaribishwa madhabahuni kusema neno. "Mgeni anasema mpaka anatoka jasho," alinieleza siku ya kwanza. "Mkalimani anafungua mdomo, anasema, 'Wanawasalimu.' Haya, na yale mengine yamekwenda wapi? Mimi ni mzee wa kanisa. Nataka nisikie na hayo mengine."

Kujifunza kwake hakukufanana na kwa mtu yeyote niliyemfundisha. Vijana walitazama video kama video. Yeye alitazama watu. Nikiwaonyesha mafuriko ya nchi fulani, vijana waliandika maneno mapya, yeye aliuliza yule mwanamke aliyekaa juu ya paa ameteremka vipi. Wiki iliyofuata nilileta habari ya kiwanda cha nguo. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, yule wa juu ya paa. Ameteremka?"

"Sijui mama. Ile ni habari iliyopita."

"Imepita kwetu. Kwake je?"

Nikamwambia aulize kwa Kiingereza, nikidhani nitampunguzia kasi. Akajikongoja mpaka akafika. Kuanzia siku hiyo kila somo lilianza kwa swali lake juu ya watu wa somo lililopita, nami nikawa naingia mtandaoni kutafuta mwisho wao. Mara nyingi haukuwepo. Aliponiona natikisa kichwa alisema polepole, kwa Kiingereza, kwamba anasikitika. Aliongea kama mtu aliye msibani.

Msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Alilia machozi kuona kasa aliyenaswa na mfuko wa plastiki, na kesho yake akaja na maziwa ya kuuza kwenye chupa za soda zilizookotwa. Nilipomuonyesha, alisema chupa na mfuko si ndugu. Kalamu yake hakumwazima mtu. Kiti cha mbele kilikuwa chake, na aliyekikalia kwa bahati mbaya aliondolewa kwa kiwiko. Umri wake aliutaja kwa Kiingereza kila tulipofanya zoezi la kujitambulisha, na kila mara ulipungua. Kijana mmoja alimtania, "Mama, mwakani tutakuwa rika." Akamjibu, "Rika langu wanajua kufunga mkanda wa suruali. Vuta hiyo."

Siku yake kubwa ilitokea kanisani. Sikuwepo, ila nimesimuliwa na watu wengi, na mimi mwenyewe nimeisimulia kuliko wao. Mgeni alisimama akazungumza kwa muda. Mkalimani akasema, "Wanatukumbuka kwa upendo na wataendelea kutuombea." Watu wakapiga makofi. Mama Mwanafunzi akasimama kwenye benchi la wazee.

"Amesema pia mwaka huu hawana msaada wa kuezeka kanisa," akatangaza. "Amesema wanaona haya kutuambia. Ameomba tusiwasubiri."

Kanisa likacheka, wa kwanza akiwa mchungaji. Mgeni akauliza kuna nini. Mama akamjibu mwenyewe kwa Kiingereza kwamba sasa watu wamesikia yote, na kwamba asione haya. Yule mgeni alishuka akamkumbatia. Baada ya ibada, kwenye mnada wa mazao ya sadaka, mkungu wa ndizi wa Mama Mwanafunzi uligombewa kuliko jogoo. Mkalimani aliondoka bila kungoja chai.

Waliosema hataweza wakanyamaza. Mimi sikunyamaza. Nilitembea Kimandolu nzima kifua mbele. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Kwenye darasa langu kulikuwa na zoezi la kufungia somo. Baada ya video kila mwanafunzi alisimama mbele, akaeleza kwa Kiingereza tatizo ni nini, limesababishwa na nini, na yeye atafanya nini. Sehemu hiyo ya mwisho niliiweka ili wafanye mazoezi ya kuongelea wakati ujao. Vijana waliijua. Walisema watapanda miti elfu, wataacha kutumia mifuko, wakakaa, wakasahau.

Lakini kwa mtu aliyekulia kwenye usharika wa huko juu, kusimama mbele ya watu na kusema utafanya jambo kuna jina. Ni ahadi. Hivyo ndivyo ahadi za ujenzi zinavyotolewa: unaitwa, unasimama, unatamka, watu wanakushuhudia, na usipotimiza unakosa pa kuweka uso. Mimi nimekulia kwenye mabenchi hayo hayo. Nilipaswa kujua. Baada ya somo la taka alikuwa amefanya usafi wa mfereji peke yake, nami nikamsifu kwa bidii yake bila kujiuliza ilitoka wapi.

Kisha nikaleta video ya mto. Ilionyesha nchi ya mbali ambako watu wa juu walikinga maji yote, na mashamba ya watu wa chini yakageuka vumbi. Huku kwetu nako mvua za vuli zilikuwa zimekataa. Mama Mwanafunzi alitazama bila kuuliza chochote. Zamu yake ilipofika alienda mbele, akatengeneza kitenge chake, akasema kwa Kiingereza maneno ambayo kwa lugha yetu ni haya:

"Mimi ninaishi juu. Mwaka mume wangu alipolazwa, kahawa yangu ilikuwa miche. Watu wa chini walinikopesha zamu zao za maji. Miche ikapona, mashamba yao yakakauka. Sikurudisha. Nitarudisha."

Ilikuwa sentensi baada ya sentensi, safi, bila kukwama. Mtu mwingine angesikia alichosema. Mimi nilisikia Kiingereza. Nilipiga makofi, nikamrekebisha matamshi ya neno moja, nikatoa simu.

"Mama, rudia. Nataka kukurekodi."

"Kwa nini?"

"Watu wakuone."

"Ni vizuri," akasema. "Waone." Akarudia yote akitazama simu machoni.

Jioni hiyo nikairusha mtandaoni na maneno ya kuvutia wateja: mama huyu alikuja hajui hata salamu, jiunge leo. Ilisambaa kuliko tangazo lolote nililowahi kuweka. Wanafunzi wakaja mpaka chumba kikakataa, nikaanza kutafuta ukumbi mkubwa mtaa wa Themi.

Video ikapanda mlima pia. Kwenye mkutano wa mfereji, wa watu wanaogawana maji yake kwa zamu, kijana mmoja aliichezesha kwa sauti, akaitafsiri. Watu wa chini waliokopesha walikuwa nyumba sita, na wengi walikuwa wamekwisha kusahau. Tangazo langu likawakumbusha. Mwanafunzi wangu mmoja wa huko alikuwepo, akaniletea mazungumzo yote.

Mwenyekiti wa mfereji aliuliza, "Mama, maneno haya ni yako?"

"Ni yangu."

"Lakini yalikuwa ya darasani. Ya Kiingereza."

"Kwani Mungu hajui Kiingereza?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti, ambaye ni mtu mpole, akamtafutia mlango wa kutokea. "Basi ngoja masika. Maji yakiwa mengi utarudisha bila kuumia."

"Masika kila mtu ana maji," akasema. "Hapo nitakuwa nimerudisha nini? Wao walinipa kiangazi."

Ikapitishwa hivyo. Kila zamu yake ya maji ingeenda kwa nyumba moja ya chini, mpaka zote sita ziishe. Mvua isiponyesha, migomba yake na kahawa yake vingekaa bila maji muda wote huo. Ile kahawa ndiyo iliyomlisha na kusomesha watoto wake, na hakuwa na shamba jingine.

Nyumba mojawapo kati ya hizo sita ilikuwa ya mama yangu. Mama amefariki, na shamba ni langu. Nilichotakiwa kufanya ni kupanda juu nikaseme mbele ya mkutano kwamba lile lilikuwa zoezi langu, nililitunga mimi, na kwamba kwa upande wetu nimesamehe. Huenda wengine wangefuata. Nilipanga kwenda Jumamosi. Jumamosi mwenye ukumbi wa Themi akanipigia, nikaenda kuuona ukumbi. Wiki iliyofuata kulikuwa na viti vya kununua. Mama Mwanafunzi akawa haji tena darasani, maana anayegeuzia watu maji lazima asimamie mfereji. Wanafunzi wapya, waliokuja kwa sababu ya uso wake, waliniuliza yuko wapi. Nikawaambia amehitimu.

Nililisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha nikaanza kozi kama ninavyoanza siku zote, na hadithi ya mahindi ya mama yaliyokauka. Nilipofika kwenye ndevu za mahindi nikatazama kiti cha mbele. Alikuwa amekikalia kijana mwenye miwani ya jua. Nikaimaliza kwa mkato, nikawasha televisheni.

Vuli haikurudi. Nilikuwa naambiwa habari bila kuuliza: amemaliza nyumba ya pili, migomba ya pembeni imelala, ameuza ng'ombe mmoja kwa kukosa majani. Siku moja mwanafunzi wangu wa huko juu akanifikishia ujumbe. "Mama anasema imebaki nyumba moja, ya marehemu mama yako. Mwenye shamba anatakiwa awepo kupokea. Anasema usikose."

Nilienda na gari langu mpaka linapofika, nikamalizia kwa miguu. Nimeona ukame mwingi kwenye televisheni yangu. Nimeufundisha. Lakini sikuwa tayari kwa kihamba chake. Migomba ilikuwa imeinamisha majani yaliyokauka hadi chini, ikapakana na mingine iliyovunjika katikati. Majani ya kahawa yalikuwa yamejikunja. Mfereji ulipita katikati ya vyote hivyo umejaa, maji safi ya mlimani, bila hata tone moja kuchepuka.

Alikuwa amesimama mpakani kwetu na jembe, miguu mitupu. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja na jembe?"

"Sina."

"Basi kaa pale usikanyage tope na viatu hivyo."

Nilikaa juu ya matofali yangu. Shamba la mama sijalilima tangu nirudi. Nimeweka pale rundo la mchanga na matofali ya nyumba nitakayojenga, na sehemu iliyobaki ni magugu. Mwenyekiti wa mfereji alikuwepo, na watu wachache wa nyumba zilizokwisha kulipwa. Nikaona wakati wangu umefika, nikasimama na kutoa hotuba niliyoiandaa njiani.

"Mama, maji haya yapeleke kwako. Mimi nimesamehe. Tazama, hapa sina hata mche mmoja."

"Wewe nilikukopa nini?"

"Mama yangu angesamehe."

"Mama yako namjua kuliko wewe," akasema, bila ukali. "Alikuja hapa na jembe begani, akageuza maji mwenyewe yaende kwangu, mahindi yake yakiwa yanatoa ndevu. Hakusema anasamehe. Alisema, utanirudishia."

Mahindi ya mwaka ule. Ndizi za asubuhi na jioni. Mwaka ambao nimesafiri nao hadi Malaysia na kurudi, nikausimulia kila kozi kama ushahidi kwamba sikubebwa na mtu.

"Ulikuwa unajua," nikamwambia. "Ukikaa pale mbele unanisikiliza."

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesimulia nini?" Akachota tope kwa jembe, akaziba upande wake imara zaidi. "Nilisikiliza mara ya kwanza, nikasema mtoto hajui. Mara ya pili nikasema, basi mimi najua. Halafu ukaleta ule mto."

"Lile lilikuwa zoezi tu, mama."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama siku ile nilipomwambia kwamba habari ya mwanamke wa juu ya paa imeshapita. "Uliniambia nisimame, nikasimama," akasema. "Wewe mwenyewe hujawahi kusimama ukasema utafanya nini?"

Sijawahi. Miaka yote ya kufundisha kwa njia hiyo, nilikuwa nawaita mbele wengine.

Mwenyekiti akasema saa ya zamu imefika. Mama Mwanafunzi akapiga jembe mara moja, ukuta wa tope ukafunguka, maji yakaingia kwetu. Yalipita kwenye magugu yakitoa sauti, yakazunguka rundo langu la mchanga, yakaumega polepole, yakaingia chini ya matofali. Nilivua viatu, nikaomba jembe. Akanipa. Sikujua niyaongoze wapi, hapakuwa na kitu cha kumwagilia. Nilihangaika nayo huku na huko kama mtu anayepanga viti kwenye nyumba isiyo na wageni, na yeye akanielekeza kwa kidole, huku, sasa huku, mpaka shamba lote la mama likalowa kutoka mpaka hadi mpaka.

Zamu ilipoisha alichukua jembe lake, akaziba. Watu wa nyumba sita, au waliobaki kati yao, walikuwa wamesimama kandokando ya mfereji. Akakifunga kitenge vizuri, akanyoosha mgongo kama anavyofanya akiitwa mbele ya darasa, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba alikopa, na sasa amerudisha.

Kisha akanigeukia, akasubiri, kama alivyozoea kusubiri nimrekebishe. Nyuma yake kahawa yake ilikuwa imesimama kavu. Nilikuwa na tope hadi magotini, na sikuwa na cha kusahihisha.